Kupima Utasa na Kutafuta Vigawo: Istilahi za Namba Tasa Kubwa

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache za hisabati zihusuzo namba tasa, na hasa namba tasa zilizo kubwa mno. Huenda msomaji akajiuliza kuna haja gani ya kuwashughulisha wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwa jambo ambalo hata miongoni mwa wanahisabati ni wachache wanaolifuatia. Haja ipo. Namba hizi hazikai tena katika vitabu vya wataalamu peke yake. Zimo katika kadi za benki, katika saini za kielektroniki, na katika mawasiliano mengi ya siri yanayopita baina ya kompyuta na kompyuta. Sheria, kanuni na miongozo inayohusu mambo hayo huandikwa kila mwaka, na hapana budi ifasiriwe. Nchini Tanzania kazi hiyo imeongezeka uzito tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama.

Hoja yetu ni moja. Kujua kwamba namba fulani si tasa ni jambo moja, na kujua vigawo vyake ni jambo jingine. Katika mazungumzo ya kawaida mambo haya huonekana kuwa kitu kimoja, kwani mtoto shuleni huyafanya yote mawili kwa pamoja: huambiwa kuwa 15 si tasa kwa sababu ni 3 mara 5. Tutaonyesha kwamba kwa namba kubwa mambo haya yametengana kabisa, kwamba utengano huo ulidhihirika mwaka 1876, na kwamba mfasiri anayeyachanganya huipotosha matini nzima.

NENO "TASA" NA MIPAKA YAKE

Namba tasa ni namba kamili iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hivyo 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. 12 si tasa, maana yagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Walimu wa shule za msingi wanalijua sana neno hili pamoja na wenzake wawili, shufwa na witiri.

Hata hivyo, maneno haya matatu hayakupita njia moja. Shufwa na witiri yametoka katika Kiarabu, na Waislamu huyajua pia kwa sala za usiku. Lakini Waarabu huiita namba tasa kwa jina litokanalo na "awali", yaani namba ya kwanza, kama walivyofanya Wayunani na Warumi. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Kilichukua neno la mwanamke asiyezaa au mnyama asiyezaa, kikaliazima kwa namba.

Yafaa tulitazame kwa makini azimo hili, kwani lina ukweli na lina kasoro. Ukweli wake upo upande wa kugawanya. Ukiigawanya 12 hutoa vipande sawa kwa namna kadhaa. Ukiigawanya 13 haikupi kitu. Kwa maana hiyo 13 ni tasa. Kasoro yake ipo upande wa kuzidisha. Namba tasa ndizo hasa zizaazo namba nyingine zote. Chukua 2, 3 na 5, uzizidishe upendavyo, utapata 6, 10, 15, 30, 60 na nyingine zisizo na idadi. Kwa upande huu namba tasa si mgumba hata kidogo. Ni mzazi asiye na wazazi. Hiyo ndiyo maana waliyoikusudia wale walioiita namba ya kwanza.

Hatupendekezi neno lililokwisha kuzoewa libadilishwe. Istilahi ikishaingia katika vinywa vya walimu na wanafunzi, kuiondoa huleta hasara kubwa kuliko faida. Tunalopendekeza ni kwamba mwalimu afundishe fasili, asiifundishe sitiari. Mwanafunzi aambiwe tangu mwanzo kuwa namba tasa haizaliwi kwa kuzidisha namba ndogo zaidi, bali yenyewe huzaa.

Fasili hiyo hujibu pia swali linaloulizwa kila mwaka darasani: je, 1 ni tasa? Si tasa. Kila namba iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo lapatikana kwa namna moja tu tukiacha mpangilio. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, wala haina mgawanyo mwingine wa namba tasa. Kama 1 ingehesabiwa kuwa tasa, tungeweza kuandika 1 × 2 × 2 × 3 × 5, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na sifa hiyo ya namna moja ingevunjika. Kwa hiyo 1 imewekwa kando: si tasa, wala si ya kundi la pili.

Kundi hilo la pili, yaani namba zilizozaliwa kwa kuzidisha namba nyingine, nalo lahitaji jina. Wengine husema tu "namba isiyo tasa", lakini jina hilo laingiza 1 kwa makosa. Neno "changamano" halifai, kwa kuwa limekwisha kutumiwa kwa namba za aina nyingine kabisa. Katika makala haya tutatumia "namba ambatani", kwa kufuata mfano wa wanaisimu wanaposema neno ambatani.

KIGAWO NA KIGAWE

Kabla ya kuziendea namba kubwa yatupasa tutengeneze zana zetu. Kila aliyesoma hisabati katika shule za msingi za Tanzania anakumbuka Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika. Kigawo na kigawe hutofautiana kwa irabu moja, na makosa ni mengi. Lakini irabu hiyo haikuwekwa kwa kubahatisha. Katika Kiswahili nomino zenye ki- mwanzoni na -o mwishoni mara nyingi hutaja chombo cha kutendea: kizibo huziba, kifuniko hufunika. Nomino zinazoishia kwa -e mara nyingi hutaja aliyetendwa: mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa. Basi kigawo ni kile kinachogawa, na kigawe ni kile kinachogawiwa. 7 ni kigawo cha 28, na 28 ni kigawe cha 7. Mwalimu akiueleza mwendo huu wa lugha mara moja, hatahitaji kuwakaririsha wanafunzi wake.

Zana ya pili ni kipeo. Tukizidisha 2 kwa yenyewe mpaka zipatikane 2 saba, yaani 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, twaandika 2⁷, na 7 ndiyo kipeo. Jibu lake ni 128.

Zana ya tatu ni tarakimu. Tarakimu ni alama za kuandikia, kuanzia 0 hadi 9. Namba ndiyo kitu chenyewe kinachoandikwa. 128 ni namba moja yenye tarakimu tatu. Mwandishi anayesema "namba yenye namba milioni 41" amewachanganya wasomaji wake bila sababu, maana lugha ilikwisha kumpa maneno mawili.

ORODHA YA MERSENNE

Namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana, kwa sehemu kubwa, zimekuwa za sura moja: 2 kwa kipeo fulani, ukitoa 1. Huitwa namba za Mersenne kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeishi kuanzia 1588 hadi 1648. Kwa mfano 2³ − 1 ni 7, 2⁵ − 1 ni 31, na 2⁷ − 1 ni 127. Zote tatu ni tasa.

Kipeo kikiwa namba ambatani, namba nzima nayo ni ambatani daima. Kipeo kikiwa tasa, namba yaweza kuwa tasa na yaweza isiwe. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1, yaani 2047, ni 23 mara 89. Jambo hilo lilijulikana tangu mwaka 1536. Hapa mfasiri aangalie: sharti la kipeo kuwa tasa ni la lazima, lakini halitoshi. Maneno "ni lazima" na "yatosha" katika hisabati hayabadilishani nafasi.

Mwaka 1644 Mersenne alitangaza kwamba kwa vipeo visivyozidi 257, namba hizi ni tasa kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Namba nyingine katika orodha hiyo zilikuwa kubwa kupita uwezo wa mtu yeyote wa wakati ule kuzihakiki. Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1, yaani 2147483647, ni tasa kweli. Baadaye ilionekana kwamba orodha ina makosa matano: vipeo 67 na 257 havikustahili kuwamo, na vipeo 61, 89 na 107 vilisahauliwa.

Namba mbili za orodha hiyo ndizo zinazotuhusu hapa: 2⁶⁷ − 1 na 2¹²⁷ − 1. Zote mbili zilipata hukumu yake mwaka 1876, kwa mkono wa Mfaransa Édouard Lucas.

KUJUA BILA KUGAWANYA

Njia ya kale ya kujua kama namba ni tasa ni kujaribu kuigawanya kwa namba ndogo moja baada ya nyingine mpaka kufikia kipeuo chake cha pili. Kwa 127 kazi ni nyepesi: yatosha kujaribu 2, 3, 5, 7 na 11. Kwa 2¹²⁷ − 1 njia hiyo haifai kitu. Namba hiyo ina tarakimu 39, nazo ni hizi:

170141183460469231731687303715884105727

Hata tungekuwa na mashine inayojaribu namba bilioni moja kila sekunde, kuzijaribu zote mpaka kipeuo cha pili kungechukua zaidi ya miaka 400. Lucas hakuwa na mashine. Alichokuwa nacho ni kipimo.

Tukieleze kipimo hicho kwa sura iliyonyooshwa na D. H. Lehmer wa Marekani mwaka 1930, inayofaa kwa kila kipeo tasa kisichokuwa 2. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba inayopimwa na ushike baki peke yake. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, gawanya, shika baki. Endelea hivyo. Ukihesabu 4 kuwa ya kwanza, tazama baki linalokaa nafasi iliyo pungufu kwa 1 kuliko kipeo. Likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, namba ni ambatani.

Msomaji na achukue kalamu aipime 127, ambayo ni 2⁷ − 1. Kipeo ni 7, basi tutatazama nafasi ya sita. Ya kwanza ni 4. Ya pili ni 16 kutoa 2, yaani 14. Ya tatu ni 196 kutoa 2, yaani 194, na baki lake kwa 127 ni 67. Ya nne: 67 mara 67 kutoa 2 ni 4487, baki 42. Ya tano: 42 mara 42 kutoa 2 ni 1762, baki 111. Ya sita: 111 mara 111 kutoa 2 ni 12319, na hii ni 127 mara 97 kamili. Baki ni 0. 127 ni tasa.

Sasa aipime 2047, ambayo ni 2¹¹ − 1, mpaka nafasi ya kumi. Atapata 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na mwisho 1736. Si 0. Kwa hiyo 2047 ni ambatani. Lakini na aitazame safu hiyo tena kutoka mwanzo hadi mwisho, aitafute 23 au 89. Hazimo. Kipimo kimesema kweli kwamba namba hii ina vigawo, ila hakikusema vigawo hivyo ni vipi.

Mnunuzi wa nazi sokoni huitikisa nazi karibu na sikio lake, akajua kama ina maji au imekauka. Ameijua hali ya nazi bila kuivunja. Kipimo cha Lucas ni cha namna hiyo: chaeleza hali ya namba bila kuifungua.

Kwa kipimo chake Lucas alipata kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa. Ilikaa miaka 75 ikiwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, hadi mwaka 1951, na mpaka leo ndiyo kubwa kuliko zote zilizopatikana bila msaada wa mashine yoyote. Mwaka huohuo wa 1876 alipata pia kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Mersenne alikosea, na ushahidi ulikuwa dhahiri. Lakini vigawo vyake havikujulikana. Kwa miaka 27 wanahisabati waliishi na namba wanayoijua kwa hakika kuwa ni zao la namba nyingine, bila kuzijua namba hizo.

Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole alitoa jibu. Inasimuliwa kwamba alisimama ubaoni bila kutamka neno, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67 na kutoa 1, akapata 147573952589676412927. Kisha akazidisha 193707721 kwa 761838257287 mpaka majibu yakalingana, akarudi kukaa, nao waliohudhuria wakampigia makofi. Inasimuliwa pia kwamba kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Kuzihakiki namba zake kulihitaji kuzidisha mara moja tu; kuzipata kulihitaji miaka.

Tumesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu hatukijui kingine kinachoonyesha waziwazi namna hii kwamba tunahitaji maneno mawili. Alichokifanya Lucas kwa 2⁶⁷ − 1 ni kupima utasa. Alichokifanya Cole ni kutafuta vigawo. Mfasiri akiyaita yote mawili "kuchambua namba", kisa hakitaeleweka: msomaji atashangaa Cole alipigiwa makofi kwa jambo lililokwisha kujulikana kwa miaka 27.

MAHALI AMBAPO TOFAUTI HII INA UZITO

Kwa muda mrefu tofauti hiyo ilikuwa ya wanahisabati tu. Mambo yalibadilika mwaka 1977, wakati Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walipokuwa Marekani, walipobuni mtindo wa kuficha maandishi unaoitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Kiini cha mtindo huo ni hiki. Mtu huchagua namba tasa mbili kubwa, huzizidisha, na zao lake hulitangaza hadharani. Kila atakaye kumwandikia kwa siri hulitumia zao hilo. Kuyafungua maandishi huhitaji kuzijua namba mbili za asili, nazo mwenyewe huzificha.

Ona jinsi mtindo huu unavyosimama juu ya tofauti tuliyoieleza. Ili kuzipata namba tasa mbili kubwa, mwenye siri huchukua namba kubwa moja baada ya nyingine na kuzipima utasa. Kompyuta ndogo ya ofisini hufanya hivyo kwa muda mfupi sana. Adui, kwa upande wake, analo zao mkononi na anajua kwamba si tasa. Asichokijua ni vigawo vyake. Kama kupima utasa kungekuwa kugumu kama kutafuta vigawo, funguo zisingepatikana. Kama kutafuta vigawo kungekuwa kwepesi kama kupima utasa, funguo zisingefaa kitu. Usalama wote umo katika umbali ulio baina ya mambo hayo mawili.

Mwaka huohuo wa 1977 wabunifu hao walitoa hadharani zao lenye tarakimu 129 ili atakayeweza alitafutie vigawo. Lilikaa miaka 17, hadi mwaka 1994, vigawo vilipopatikana kwa juhudi ya mamia ya watu na kompyuta zao. Mwaka 2020 vilipatikana vigawo vya zao jingine la aina hiyo lenye tarakimu 250, kwa kazi ya kompyuta nyingi mno. Kwa upande wa kupima utasa, mwaka 2002 wanahisabati watatu wa Kanpur, India, Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walithibitisha kwamba namba yoyote ile yaweza kupimwa kwa hatua zisizoongezeka kupita kiasi kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Njia kama hiyo ya kutafuta vigawo kwa kompyuta za kawaida haijapatikana.

Sasa tuchukue sentensi ya mwongozo wa serikali kuhusu saini za kielektroniki. Mfasiri asiyeona tofauti hii ataandika:

"Usalama wa mfumo huu unatokana na ugumu wa kujua kama namba kubwa ni tasa."

Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, lakini ni uongo. Iliyo sahihi ni hii:

"Usalama wa mfumo huu unatokana na ugumu wa kutafuta vigawo tasa vya namba kubwa ambayo yajulikana kuwa ni ambatani."

Madhara ya sentensi ya kwanza si ya kinadharia. Mtumishi aliyeisoma akiletewa taarifa ya fundi kwamba "namba ya hadharani ya ofisi yetu imepimwa na si tasa", atadhani siri za ofisi zimevuja, ilhali hivyo ndivyo namba hiyo ilivyokusudiwa iwe. Akiletewa taarifa kwamba "vigawo vya namba yetu vimepatikana", ataiweka kando kama jambo la hesabu tu, ilhali hiyo ndiyo hatari yenyewe, na ufunguo hauna budi kubadilishwa siku hiyohiyo.

"HAKUNA" NA "HAIJAPATIKANA"

Jambo jingine litakalomkwaza mfasiri ni namna ya kusema mipaka ya ujuzi. Tarehe 11 Oktoba 2024 kompyuta moja iliyokuwa Dublin, Ireland, ilitoa jibu kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 huenda ikawa tasa. Kesho yake kompyuta nyingine iliyokuwa San Antonio, Marekani, ilithibitisha kuwa ni tasa kwa kipimo kilekile cha Lucas na Lehmer. Habari hizo zilitangazwa tarehe 21 Oktoba. Kazi hiyo iliongozwa na Luke Durant, ndani ya ushirika wa watu wa kujitolea ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Tukiichapa katika kurasa zenye tarakimu 3,000 kila moja, itajaza kurasa zaidi ya 13,600.

Katika habari hiyo mna tahadhari mbili. Kwanza, "huenda ikawa tasa" na "imethibitishwa kuwa tasa" ni ngazi mbili za ujuzi, na kila moja ina kipimo chake. Mfasiri asizikunje zikawa moja.

Pili, namba hiyo ilikuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana wakati ilipotangazwa. Haikuwa kubwa kuliko namba tasa zote. Namba tasa iliyo kubwa kuliko zote haipo, wala haiwezi kuwapo. Euclid alilithibitisha jambo hili miaka ipatayo 300 kabla ya Kristo. Chukua namba tasa zozote, kwa idadi uitakayo. Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Namba utakayoipata ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo hubakiza 1. Basi ama yenyewe ni tasa, ama ina kigawo tasa kisichokuwamo katika zile ulizozichukua. Kwa vyovyote iko namba tasa nyingine nje ya orodha yako.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mfasiri aweza kuutumia. Kikanushi chenye -ja- husema kwamba jambo halijatukia hadi sasa na mlango haujafungwa. "Hakuna" hufunga mlango. "Namba tasa ya mwisho haipo" ni sawa, kwa kuwa imethibitishwa. "Haijajulikana kama namba tasa za Mersenne zina mwisho" ni sawa pia, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha upande wowote. Vilevile "njia nyepesi ya kutafuta vigawo haijapatikana" ni kweli. "Njia nyepesi ya kutafuta vigawo haipo" ni dai ambalo hakuna aliyelithibitisha, na ofisi itakayoandika hivyo katika mwongozo wake imetoa ahadi isiyo na msingi. Tangu mwaka 1994, kwa kazi ya Peter Shor, yajulikana kwamba kompyuta za aina nyingine, zikijengwa kwa ukubwa wa kutosha, zingeitenda kazi hiyo kwa wepesi. Silabi moja, basi, yaweza kuwa mpaka baina ya tahadhari na ahadi ya uongo.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi hizi zitumike kwa maana zifuatazo:

Namba tasa: namba kamili iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Namba ambatani: namba kamili iliyo zao la namba mbili au zaidi, kila moja ikiwa kubwa kuliko 1.

Utasa: hali ya namba kuwa tasa.

Kupima utasa: kuamua kama namba ni tasa au ni ambatani, bila kulazimika kuvijua vigawo vyake.

Kutafuta vigawo: kuzitaja namba zenyewe ambazo zao lake ni namba iliyotolewa.

Kigawo tasa: kigawo kilicho namba tasa.

Namba idhaniwayo kuwa tasa: namba iliyofaulu kipimo cha awali, lakini haijathibitishwa.

Namba tasa ya Mersenne: namba tasa yenye sura ya 2 kwa kipeo fulani, kutoa 1.

Namba timilifu: namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28, ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14. Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu moja. Tumeepuka kusema "namba kamili" kwa maana hii, kwani jina hilo limekwisha kupewa namba zisizo na sehemu.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba neno "tasa" lafaa kuendelea kutumika, mradi lifundishwe kwa fasili. Kwamba kigawo na kigawe hutofautishwa na kanuni za lugha yenyewe. Na kwamba kupima utasa na kutafuta vigawo ni kazi mbili ambazo hazina budi kuwa na majina mawili. Istilahi hizi si za kuipamba lugha. Mtumishi atakayeletewa taarifa kuhusu ufunguo wa ofisi yake hatakuwa na nafasi ya kumwuliza mwanahisabati. Atakuwa na maneno yaliyo mbele yake tu. Ni wajibu wetu sisi tunaoyaandika maneno hayo kuhakikisha yanamwambia lililo kweli. Walimu na wafasiri walio na istilahi bora kuliko hizi tulizozitaja wanaombwa wazilete, zijadiliwe.